Bomba Likiharibika, Nani Anaitwa?

*Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya viongozi wa vijiji, wana vikoba na maafisa maendeleo ya jamii*

Ndugu wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji wa kata, kina mama wa vikoba mliotoka Kibosho, Uru, Old Moshi na kule chini Kahe, vijana, na ninyi wazee wangu mliokaa mstari wa mbele: shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kupunguza umaskini vijijini kwa njia ya maendeleo ya jamii. Kazi hiyo nimeifanya miaka 31, tangu enzi tulipoitwa Bibi Maendeleo na kuzunguka vitongoji kwa miguu, hadi nilipostaafu. Ningeweza kuwasomea sera, lakini nakala mnazo ofisini. Leo nimekuja na swali moja. Kuna kijiji kilikaa karibu mwaka mzima bila maji kwa sababu swali hilo halikuulizwa mapema, na aliyepaswa kuliuliza ni mimi.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko juu, karibu na mpaka wa msitu. Mfadhili alileta mabomba, Serikali ikaleta fundi, wananchi wakachimba mtaro kwa msaragambo, kila kaya ikipimiwa mita zake. Siku ya uzinduzi tulikata utepe, ngoma zikalia, maji yakatoka, mabibi wakapiga vigelegele. Jioni ile niliandika kwenye taarifa yangu: mradi umekamilika. Baada ya miezi 14 nilipanda tena kijijini kwa ajili ya msiba, nikapishana njiani na kina mama wanatoka mtoni na ndoo kichwani. Kituo cha maji kilikuwa kimezungukwa na majani hadi magotini. Nikauliza kulikoni, nikaambiwa koki kuu imevunjika. Tangu lini? Tangu mavuno yaliyopita.

Bei ya koki ile kwenye maduka ya hapa mjini ilikuwa haifiki bei ya kuku wawili.

Nikamwendea mzee mmoja niliyemfahamu. "Meku, mbona hamkununua nyingine?" Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto, akasema, "Mama, kwani ile koki ni ya nani?"

Nilikosa jibu. Mwenyekiti alijua ni ya halmashauri. Halmashauri ilijua imeshaikabidhi kwa kijiji. Mfadhili alikuwa amerudi kwao na picha zake. Kamati ya maji ilikuwepo, watu 12, majina nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, lakini wawili walikuwa wamehamia Dar es Salaam, mmoja ndiye tuliyekuwa tunamzika siku ile, na waliobaki kila mmoja alidhani ufunguo wa tanki uko kwa mwenzake. Mfuko wa matengenezo haukuwa na hata senti tano, maana tangu utepe ukatwe hakuna aliyeombwa mchango. Watu walikuwa wametoa jasho lao kuchimba ule mtaro, ila bomba lenyewe hakuna aliyewahi kuambiwa kuwa ni lake.

Tangu siku ile, kila ninapoitwa kwenye mradi, iwe zahanati, josho, ghala, mashine ya kusaga au mizinga ya nyuki, nauliza hivi: likiharibika, nani anaitwa? Nataka jina. Nikijibiwa "kamati" naendelea kuuliza. Nikijibiwa "Serikali" nafunga begi langu, kwa sababu najua tutarudi pale kuzika kitu.

Kinachonisikitisha ni kwamba babu zetu wa mlima huu walikuwa na jibu la swali hili zamani sana. Mnaijua mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia. Wengi wenu mmeoga humo mkiwa watoto, mkachapwa kwa kuchafua maji. Maji yanachepushwa mtoni kule juu, yanafuata tumbo la mlima kwa kilomita kadhaa, yanavuka makorongo juu ya magogo yaliyochongwa, hadi yanaingia kihambani kwa mtu, kwenye shamba la nyumbani kwake, kumwagilia migomba, na baadaye kahawa. Wazungu waliofika hapa katika karne ya 19 waliandika juu ya mifongo hiyo kwa mshangao, jinsi watu wasio na vifaa vya upimaji walivyoyatembeza maji yale bila kukosea mteremko.

Mimi uchimbaji haunishangazi sana. Kinachonishangaza ni utaratibu. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioanzisha na msimamizi anayejulikana kwa jina na kwa boma lake. Maji yalikwenda kwa zamu, huyu asubuhi, yule alasiri, na maji ya usiku yalitunzwa kwenye vibwawa ili yasipotee bure. Mvua ikibomoa kingo, mbiu inapigwa na kila boma linatoa mtu wa kazi. Asiyetokea anatozwa faini, na asipolipa, zamu yake inarukwa na migomba yake inanyauka mbele ya macho ya majirani. Hapakuwa na mfadhili wala afisa. Ukimuuliza mtoto wa miaka saba mfongo ukibomoka nani anaitwa, alikuwa anakupeleka hadi mlangoni.

Leo mifongo mingi imekauka. Misitu imepungua, mabomba yamekuja, wasimamizi wamefariki na vijana wako mjini. Sisemi turudi nyuma. Nasema ule utaratibu tuliuacha hukohuko mtaroni, tukachukua saruji peke yake.

Tazameni kule tambarare, kwenye mpunga wa Lower Moshi. Skimu ile ilijengwa kwa msaada wa Japani, ikakamilika mwaka 1987, mifereji imesakafiwa vizuri, zaidi ya hekta 1,000 zimepangiwa mpunga kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mavuno yalikuja, tena mazuri sana. Mabogini na Chekereni pakabadilika, watu wakajenga nyumba za bati na matofali. Wakulima walio juu ya skimu nao wakaona. Wakafungua majaruba yao hukohuko juu, maji yakapungua kabla hayajafika kwenye mifereji ya saruji, na sehemu ya mashamba yaliyopangwa ikawa haipandwi. Nani wa kulaumiwa? Yule wa juu naye ana watoto wa kulisha, na mto unapita mlangoni kwake. Skimu ilichorwa vizuri kwa walio ndani ya mstari, ila walio nje ya mstari hawakuketi meza moja nao tangu mwanzo. Kwenye mfongo jambo hilo lilikuwa gumu kutokea, maana wa juu na wa chini walichimba pamoja na walifahamiana kwa majina.

Mfano wa upande wa pili tunao hapahapa jirani, Hai na Siha. Miradi ya bomba kama Losaa-KIA, Lawate-Fuka na Uroki-Bomang'ombe ilijengwa kwa msaada wa Ujerumani, na watumia maji wakawa na bodi zao. Mtu akalipia ndoo yake, kukawekwa dira, kukawa na mtu kituoni anayeishi kwa kazi hiyo. Nakumbuka manung'uniko ya wakati ule: maji ya Mungu yanauzwaje? Wazee wangu, maji ni ya Mungu. Bomba, koki na mshahara wa fundi ndivyo vinavyolipiwa.

Nije kwenye fedha, maana najua kuna watu hapa wamekaa mkao wa kusubiri neno mtaji.

Mkoa huu ulishawahi kuonyesha nchi nzima namna wakulima wadogo wanavyoweza kujitoa kwenye umaskini kwa kushikana. Kahawa ilifika mlimani mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wamisionari wa Kilema. Wachagga walipoanza kuipanda kwa wingi, walowezi walipinga, wakidai kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, kazi yake ya kwanza ikiwa kuitunza ile kahawa, kupambana na wadudu, na kuwa na sauti moja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, juu ya vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Fedha za kahawa zikasomesha watoto kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Tanganyika, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikaanza hapa Moshi, ambacho leo ni chuo kikuu.

Halafu mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vya ushirika nchi nzima. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Nilianza kazi nikiwakuta watu wanaosimulia miaka ile sita kama wanasimulia msiba: mkulima amelala akiwa mwenye chama, ameamka akiwa mteja wa mamlaka ya zao. Vyama viliporudi majengo yalikuwepo na mizani ilikuwepo, ila ule moyo wa kusema "chama changu" ulirudi kwa shida, na baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990 wengi wakauza tu kwa aliyekuja na fedha taslimu. Nawaambia haya kwa uchungu, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa mwanachama na namba yake aliikariri hadi anaingia kaburini.

Kwenye Azimio la Arusha, mwaka 1967, tuliambiwa kuwa ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Nilikariri shuleni kama ninyi. Baada ya miaka 31 ya kazi ningeomba ruhusa ya kuongeza la tano: matunzo.

Tuingie sasa ndani ya mfuko wa mkulima. Mama wa Kahe anavuna mahindi Julai au Agosti. Wote wamevuna, bei iko chini. Ana ada, ana deni la mbolea, na dumuzi wameshaingia kwenye magunia. Anauza. Ikifika Februari, huyohuyo mama yuko sokoni Himo ananunua mahindi kwa bei ambayo yeye hakuwahi kuipata. Mama huyu analima, tena analima sana. Umaskini wake uko kati ya Agosti na Februari. Akiyakausha mahindi vizuri, akayaweka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, dumuzi wanakufa humohumo bila dawa. Wakiwa watu 20 na ghala moja lenye mlinzi na daftari, mnunuzi atakuja na gari na watajadiliana naye wakiwa wameketi. Ila ada ya Julai lazima itoke mahali pengine, na hapo ndipo kikoba kinapoingia, nitafika huko.

Kabla ya hapo, lumbesa. Kila mwaka naikemea na kila mwaka naikuta. Gunia limejaa, limevishwa kofia ya nyavu na kamba, limekuwa gunia na nusu, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100. Mkulima wa vitunguu anaijua sheria hiyo, lakini yuko peke yake shambani, gari linaunguruma, na dalali anamwambia ukikataa namwendea jirani yako. Sheria inahitaji mizani. Kijiji chenye mizani yake, iliyohakikiwa, na mtu anayejulikana kuitunza, kinaweza kusema: kwetu tunauza kwa kilo. Mizani ni bei ya mbuzi wachache. Nimeona vijiji vinajenga ofisi ya pili ya kijiji kabla havijanunua mizani, na jambo hilo sijaweza kulielewa.

Sasa kina mama wa vikoba. Nawapenda, nanyi mnajua. Mmefanya kitu ambacho benki zilishindwa: mmekaa chini ya mparachichi na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila wiki hisa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, aliyechelewa analipa faini, na mfuko wa jamii unamzika mtu na kumtibu mtoto. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianza kwa kina mama wa vijijini Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika nzima kwa sababu ni rahisi na kila kitu kinaonekana. Nanyi ndio mlionijibia swali langu kuliko maafisa wote. Sanduku likipotea, nani anaitwa? Mnao watu watatu, kwa majina.

Pia mmewaokoa watu na kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa inayomkamua mtu. Ninyi mnaokaa mjini labda mnalisikia neno hili kwenye redio tu. Mimi nimemwona mama amenyang'anywa godoro na sufuria mbele ya watoto wake kwa mkopo wa laki moja. Kikundi kikiwa imara kitongojini, wale watu wa pikipiki wanapita moja kwa moja, hawasimami.

Lakini niwaambie na lile msilopenda. Desemba mnavunja. Mnagawana hadi shilingi ya mwisho, inakwenda kwenye Krismasi, kitenge na kuku, halafu Januari mnaanza sifuri, na ada inawakuta mikono mitupu. Nawaomba mvunje sehemu. Kuna kikundi kimoja cha kina mama 22 waliokubaliana kila kikao kila mtu aweke shilingi 500 pembeni isiyogawanywa. Walicheka walipoanza. Kwa miaka miwili wakanunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mnajua mzigo wa majani huku mlimani, jinsi mwanamke anavyoshuka tambarare na kupanda na mzigo mrefu kuliko yeye, halafu ng'ombe anachagua laini na kukanyaga mengine. Majani yakikatwakatwa yanaliwa yote. Mzigo wa siku mbili ukawa wa siku tatu. Siku hiyo moja iliyobaki, mwanamke mmoja aliniambia, ndiyo siku yake ya kwanza kupumzika tangu aolewe.

Na pale kwenye ng'ombe kuna utaratibu mwingine mzuri tulioutumia sana Kilimanjaro na Arusha: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, na mtamba wa kwanza atakayezaliwa anakwenda kwa jirani aliye kwenye orodha. Jirani huyo anakuja kuangalia banda lako, anauliza kama umempa chumvi, anakuja usiku wa kuzaa. Sijapata kuona mkaguzi anayemzidi mtu anayesubiri ndama wake.

Juu ya mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, nitasema kwa ufupi. Ni haki yenu, ombeni. Lakini mnakumbuka mwaka 2023 ilisimamishwa kwa sababu fedha nyingi hazikuwa zinarudi, hadi utaratibu mpya ulipopangwa. Kwa uzoefu wangu, kikundi kilichoundwa Jumatatu ili kupata mkopo Ijumaa hakirudishi. Kikundi kilichokaa miaka miwili na shilingi zake chenyewe kinarudisha. Maafisa wenzangu, tafadhali, muda mnaoutumia kujaza fomu, nusu yake ukaeni chini ya mparachichi.

Jambo la mkutano mkuu wa kijiji haliepukiki. Kila baada ya miezi mitatu, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mapato na matumizi yanasomwa. Mnasema watu hawaji, akidi haitimii. Mimi nimehudhuria mikutano hiyo mingi. Mtendaji anasoma kwa kasi kama anafukuzwa, "matumizi mengineyo, shilingi kadhaa", watu wanaangalia saa. Nani arudi mara ya pili? Someni polepole. Bandikeni ubaoni. Semeni: koki ilinunuliwa, bei yake hii, aliyeifunga fulani, risiti hii hapa. Siku mtu akisikia jina la jirani yake ndani ya hesabu za kijiji, atakuja kikao kijacho, hata kama ni kwa ajili ya kubishana.

Na ninyi watoto wetu mnaopanda mlima Desemba na magari: karibuni, tunawasubiri mwaka mzima. Mnajenga nyumba nzuri vihambani zinazofunguliwa wiki mbili. Vihamba navyo vimegawanywa hadi kaka wanne wanapanda migomba kwenye eneo aliloliona babu yao ni dogo. Kabla ya kuongeza ukuta mwingine, pitieni kwa mtunza maji wa kijiji, mumuulize mfuko wa matengenezo una kiasi gani. Mchango wa mtu mmoja mwenye gari unaweza kubadilisha mabomba ya kitongoji kizima.

Kwenye viti vyenu kuna karatasi yenye safu tatu: kitu cha kijiji, jina la anayekitunza, na mahali ilipo fedha ya kukitengeneza. Msiijaze leo. Mkaijaze kwenye mkutano mkuu ujao, mbele ya watu, na mahali pasipo na jina paacheni wazi hivyohivyo waone.

Kile kijiji cha koki tulirudi. Tulikaa nao vikao vitano, viwili vya ugomvi mtupu, hadi kila kaya ikakubali shilingi 1,000 kwa mwezi na mtu mmoja wa kushika ufunguo. Mwezi uliopita nilipanda kuwasalimu. Mwenye ufunguo sasa ni binti wa yule mzee aliyeniuliza koki ni ya nani. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya tanki na daftari magotini, la sita tangu waanze. Akaniambia, "Shikamoo mama, leo hupati maji kuanzia saa nne hadi saa nane, tunabadilisha valvu. Tangazo nililibandika tangu juzi, kanisani na msikitini."

Asanteni kwa kunisikiliza.